Nilivyoliaga kundi langu la WhatsApp nikabaki na wodi

Machi 2020, vyuo vikuu vilipofungwa kwa sababu ya korona, nilikuwa mwanafunzi wa udaktari hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, nimekaa nyumbani Kadutu na vitabu nisivyokuwa na moyo wa kuvifungua. Majirani walikuwa wakijifukiza majani ya mikaratusi na kuulizana kama kweli yanaua virusi. Nikafungua kundi la WhatsApp niwajibu shangazi zangu. Haikuchukua muda, kundi likawa na watu wa Bagira, wa Uvira, hata ndugu zetu walioko Ubelgiji, na wote wananiita Dokta. Nilikuwa bado mbali na udokta. Nilisema hivyo zaidi ya mara moja, lakini jina lilikuwa limeshanishika.

Kundi lile nililipenda, na nalisema hili kwanza kwa sababu wengi mnaoniuliza jinsi ya kutoka mnadhani nilikuwa nimelichoka. Mama mmoja anauliza saa nne usiku kama dawa ya malaria inywewe kabla ya kula au baada. Unamwambia ile ya artemeta na lumefantrini imezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, ndipo mwili unaipokea vizuri. Asubuhi unakuta "asante mwanangu". Kuacha kitu kama hicho kunauma, na asiyeumia pengine hakuwa amekipa chochote.

Kisha ikaja staji, yaani mafunzo ya vitendo, katika wodi ya watoto.

Mtoto akiletwa na kikohozi, jambo la mwanzo tulilofundishwa ni kumhesabia pumzi. Unamwacha mikononi mwa mama yake, ametulia, halii. Unapandisha fulana yake, unatazama kifua na tumbo vikipanda na kushuka dakika nzima. Usihesabu sekunde chache halafu ukazidisha, maana mtoto mdogo hapumui kwa mwendo mmoja. Wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka. Wa mwaka mmoja hadi kabla ya mitano, 40 au zaidi. Saa yangu ilikuwa simu. Usiku mmoja wa zamu nimefika 31, ujumbe ukashuka juu ya kioo ukafunika sekunde. Mtu wa kundini, mtoto wake anakohoa, afanye nini? Hesabu ikapotea. Nikaanza upya, nimefika 26, yule yule tena: "Dokta, uko?" Mama aliyekuwa mbele yangu akanitazama, akaishusha fulana ya mwanawe taratibu, kama mtu anayefunga mlango.

Mara ya tatu nilitumia saa ya muuguzi. Pumzi 54, mtoto wa miezi tisa. Nimonia. Alitibiwa, akapona.

Yule wa kundini nilimjibu alfajiri kwamba ampe mtoto vya kunywa, kukipambazuka ampeleke kituo cha afya. Jibu halikuwa baya, ila mtoto yule sikumwona kifua, na kwa simu nisingeweza kumwona. Usiku huo nilikuwa na wagonjwa wawili na nilimtendea nusu nusu kila mmoja. Wazee walisema mshika mawili moja humponyoka. Mimi nusura yaniponyoke yote mawili.

Mara ya kwanza nilitoka vibaya. Jumapili moja nilibonyeza "toka" bila neno, nikazima simu. Nilipoiwasha, shangazi ananiuliza nimegombana na nani, Uvira kuna aliyedhani nimekufa, na kundini mtu keshaanza kuuza chupa za "dawa ya kuongeza damu". Siku ya nne nikarudi kwa aibu. Kwa hiyo kama unatoka, taja tarehe na sababu, na uitaje kwa sauti yako, kwa maana watu wakisikia pumzi yako wanaelewa hukukasirika.

Mara ya pili nilijipa wiki tatu. Nilimfuata muuguzi mmoja wa kituo cha afya, mama aliyehesabu pumzi za watoto kabla mimi sijazaliwa, nikamwomba alichukue kundi. Nilikwenda kwake kwa miguu. Jambo la namna hiyo halifai kuombwa kwa ujumbe. Alikubali kwa sharti moja, kwamba kundi lijibiwe mchana tu. Niliona haya kwamba sikuwahi kufikiria sharti hilo mwenyewe. Tukaandika pamoja ujumbe mmoja wa kubandikwa juu: mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea hazinduki vizuri, asiulizwe kundini, akimbizwe hospitali. Halafu nikajivua uadmini kabla ya kutoka. Ukibaki na ufunguo utaitwa kufungua mlango kila siku.

Shangazi mmoja aliniambia nimewatupa. Neno hilo lilinikaa kifuani wiki nzima. Nilimkumbusha habari za Daktari Mukwege, yule aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani, ambaye hapa Bukavu hakuna asiyemjua. Alianzia hospitali ya Lemera, akaona wanawake wanavyokufa kwa uzazi, akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake. Wagonjwa wa Lemera walibaki bila yeye miaka hiyo. Mwaka 1989 akarudi, na hospitali yake ya Panzi, hapa Bukavu, ikaja miaka kumi baadaye. Shangazi hakujibu, ila Jumapili iliyofuata alinitumia sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Muda niliorudishiwa niliupeleka kwenye utafiti wangu, faili za watoto waliolazwa kwa nimonia. Kwa wanaoanza: KoboCollect, programu ya simu, inakusanya data hata pasipo mtandao, na Hinari inafungua majarida ya tiba kupitia maktaba ya chuo, kwa hiyo mega zako zitunze kwa kupakua makala. Lakini kazi yenyewe ni kukaa chini na kufungua faili moja baada ya nyingine, bila haraka. Katika faili nyingi nilikuta pale pa kuandika idadi ya pumzi ni patupu. Sijui kila mmoja alikatizwa na nini. Mimi nilijua kilichonikatiza.

Sasa nina saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, niliyoinunua sokoni Kadutu. Simu hubaki kwenye begi mpaka zamu iishe. Wanaoniandikia kando bado wapo, na wote nawajibu vivyo hivyo: "Dada, kwa simu siwezi kumwona. Mpeleke kwa mama muuguzi sasa hivi, au njoo naye wodini, niko zamu Jumanne na Ijumaa."