Mwalimu wa Serikali Anayetaka Uwakilishi wa Wadi: Kazi Aiache Lini?

SWALI: Wakili, nimefundisha shule ya msingi ya serikali miaka kumi na minane. Wazee wa wadi yetu wananitaka nigombee kiti cha mwakilishi wadi mwaka 2027. Mpinzani wangu anatangaza sokoni kwamba siruhusiwi: eti nimefilisika, kwa kuwa benki ilinipeleka CRB, ofisi inayoweka rekodi za wakopaji, kwa mkopo ulionishinda, tena nina kesi ya kumpiga ndugu yangu tulipozozania mpaka wa shamba. Je, anasema kweli? Na kazi niiache lini?
– Mwalimu, Bungoma

JIBU: Mwalimu, naanza na swali lako la mwisho, kwa maana hilo ndilo linaloweza kukuangusha. Hayo mengine ni maneno ya sokoni.

Wewe umeajiriwa na TSC, tume ya kuajiri walimu wa serikali, kwa hiyo ni afisa wa umma. Kifungu cha 193 cha Katiba ya Kenya kinamzuia afisa wa umma kugombea kiti cha bunge la kaunti, nayo Sheria ya Uchaguzi inamtaka ajiuzulu angalau miezi sita kabla ya siku ya kura. Uchaguzi ujao ni Jumanne ya pili ya Agosti, yaani tarehe 10 Agosti 2027. Hesabu kurudi nyuma: barua yako iwe imepokewa kabla ya tarehe 10 Februari. Mimi ningeipeleka Januari mapema.

Nimesema "imepokewa" makusudi. Mwaka 2022 nilimsindikiza mteja wangu, afisa wa afya, kuwasilisha karatasi zake za kugombea. Nje akina mama walikuwa wakimwimbia. Barua yake ya kujiuzulu ilikuwa na tarehe nzuri kabisa, lakini haikuwa na muhuri wala saini ya aliyeipokea, na mshahara ulikuwa ungali ukiingia kila mwezi. Karatasi zilikataliwa. Kazi ilikuwa imekwisha, na kiti pia. Bado naumia nikimkumbuka, kwa sababu muhuri ule angeupata kwa dakika tano tu. Basi peleka barua mwenyewe, nakala yako igongwe muhuri, kisha fuatilia mpaka jina litoke kwenye orodha ya malipo. Na kabla ya hapo usijipigie debe, maana mtumishi wa umma hatakiwi kuonekana akifanya siasa za vyama.

Kuhusu deni: kupelekwa CRB si kufilisika. Katiba inamzuia muflisi, yaani mtu ambaye mahakama imemtangaza hivyo na bado haijamwondoa katika hali hiyo. Je, umewahi kupata amri ya namna hiyo? Kama hujaipata, una deni tu, kama nusu ya walimu ninaowajua.

Kesi nayo haikuzuii. Anayezuiwa ni anayetumikia kifungo cha miezi sita au zaidi, na hata yeye hazuiwi mpaka njia zote za rufaa na mapitio ziishe. Sharti hilo la rufaa wengi hulichukia. Mimi nalitetea, kwa sababu bila hilo hakimu mmoja aliyekosea angeweza kumtoa mtu kinyang'anyironi kabla hajasikilizwa na mahakama ya juu. Lakini rufaa nayo ina mwisho, hata kwa anayezuiwa kwa sababu ya kuondolewa madarakani. Mike Sonko aliondolewa na Seneti katika ugavana wa Nairobi Desemba 2020, akataka kugombea ugavana wa Mombasa mwaka 2022 huku rufaa zake zikiendelea. Mahakama ya Juu ilipothibitisha kuondolewa kwake Julai mwaka huo, hakuwa tena na mlango wa kubisha. Unaona basi umbali uliopo kati ya jambo kama hilo na ugomvi wa mpaka ambao hata haujaamuliwa.

Kuna jambo hukuuliza. Ukitaka kuwa mgombea huru, usiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na uungwe mkono na wapigakura wasiopungua 500 waliosajiliwa katika wadi yako. Kagua jina lako katika sajili ya vyama leo hii. Watu wengi hujikuta wamesajiliwa na chama wasichokijua, na kujitoa huhitaji barua. Barua hiyo pia igongwe muhuri.