Rangi zilizofifia zisigeuke tope

SWALI: Nachora mandhari ya jioni kwa rangi za mafuta. Kila nikififisha rangi, picha yote inakuwa tope. Nakosea wapi?

JIBU: Kijivu hakina kosa. Tope hutokea pale mwanga na giza vinapolingana, au unapochanganya rangi tano sita kwa pamoja kisha ukazisugua mbichi juu ya turubai.

Anza na bluu ya ultramarini na siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu), karibu sawa kwa sawa, upate kijivu, halafu ongeza nyeupe kidogo kidogo. Kijivu hicho kitie katika kila rangi: sehemu moja ya kijivu kwa nne za rangi inatosha. Ndicho kinachofanya anga, miti na maji viwe na undugu. Lakini kiegemeze: anga ikielekea ujoto (njano au nyekundu), miti ya mbali iwe na ubaridi (bluu). Kijivu kisichoegemea popote hufa.

Finya macho utazame picha. Ukiona matabaka matatu au manne tu ya mwanga, uko sawa. Eneo angavu kabisa libaki moja, labda ufa mwembamba wa njano juu ya upeo wa macho.

Kingo za miti zipitishie brashi kavu, mara moja, kwa mkono mwepesi. Ukirudia rudia unaharibu.

Ukungu hupakwa mwisho, kwa rangi iliyokonda inayopitisha mwanga, tabaka la chini likishakauka. Tabaka hilo la ukungu liwe na mafuta mengi kuliko la chini, la sivyo litapasuka baadaye. Mchoraji James Whistler alikondesha rangi za picha zake za usiku hadi akalazimika kulaza turubai sakafuni zisichuruzike.