Picha za kuvizia za mwanao zinavyoweza kuwa zawadi ya bibi yake

Mama yangu anakaa Tanga, sisi tuko Dar, na binti yangu akifika kwa bibi yake kurudi ni kilio. Desemba moja, alikuwa na miaka mitatu na nusu, nikamkuta uani kakalia mbuzi ya kukunia nazi, kashika kizio kwa mikono miwili anakuna kwa nguvu zake zote, ulimi umetoka pembeni, nazi imemganda kidevuni, na pembeni ya picha unaonekana mkono wa bibi yake umemshika asije akajikata. Nilipiga picha kama tisa hivi haraka haraka na yeye hakujua kama niko pale. Hiyo ndiyo picha iliyoko ukutani kwa mama leo, na nataka niwaeleze tulivyofika hapo maana jaribio la kwanza nililiharibu.

Kuna picha za studio za huyu mtoto, gauni la Idi, nywele zimesukwa, kasimama wima kama anaimba wimbo wa taifa. Nzuri, ila mama akiziona anasema "kapendeza" basi anarudisha simu. Ile ya mbuzi aliing'ang'ania, akacheka peke yake, akaniambia "huyu mke mwenzangu ana vituko". Hapo ndipo nilipojua ya kumfremia ni ipi. Ukimtengenezea mtu zawadi ya picha angalia ile anayoirudia yeye, wewe mzazi utapenda zile mtoto alizotoka vizuri lakini bibi anataka kumuona mjukuu anayemjua, yule wa kuchafuka na kuuliza maswali.

Sasa kuzipata. Mtoto ukimwita jina na simu iko mkononi umeshaipoteza, atakupa lile tabasamu la meno. Muache awe bize na jambo lake, wewe kaa chini kabisa, kwenye mkeka au kigoda, simu iwe usawa wa macho yake, ukipiga umesimama unapata utosi tu. Futa kioo cha kamera kwa ncha ya kanga, mafuta ya vidole ndiyo yanayotia ule ukungu. Usizumu, sogea. Flashi zima, inamshtua na inamfanya uso uwe mweupe kama chokaa, bora umvizie karibu na mlango au dirishani, au uani asubuhi na jioni jua likishalainika, saa sita mchana macho yote yanakuwa kivuli. Na piga nyingi mfululizo, baadhi ya simu ukishikilia kitufe zinapiga zenyewe, kati ya tisa zangu moja tu ndiyo ulimi na mkono vyote vilikaa sawa.

Kuchagua kulinichukua wiki. Nilizipunguza hadi tano nikaziacha zilale, nikaziangalia tena siku nyingine. Za mtoto anaoga au yuko bila nguo niliziondoa zote hata kama zinachekesha, sebuleni wanaingia wageni na huyu mtoto kesho ana miaka kumi na tano, picha itakuwa bado iko pale. Halafu nikataka kuukata ule mkono wa bibi maana niliona unaharibu picha, umeingia nusu tu. Mdogo wangu akaniambia dada, mkono huo usiuguse, huo ndio mama atauona kwanza. Namshukuru mpaka leo.

Kosa langu likaja kwenye kuprinti. Niliituma picha studio kwa WhatsApp kama ninavyotuma picha zote, nikasema nataka A3, kubwa, ijae ukuta. Ilitoka kama unamuangalia mtoto kupitia kioo chenye mvuke, nyusi hazipo, nazi na ngozi vimechanganyika, na hela nilishalipa na Idi ilikuwa kesho kutwa. Niliumia sana. Kijana wa pale akanionyesha tatizo kwenye kompyuta yake. WhatsApp ukituma kawaida inaibana picha, upande mrefu unabaki kama pikseli 1600 hivi, yaani vile vidoti vidogo vinavyoijenga picha, na picha ya kuangaliwa kwa karibu inataka kama pikseli 300 kwa kila inchi. Pigeni hesabu, 1600 gawanya kwa 300 ni inchi tano na kidogo, hiyo ni saizi ya picha ya albamu. A4 inataka karibu 2480 kwa 3508, na A3 ni 3508 kwa 4961. Faili lenyewe kwenye simu yangu lilikuwa 3000 kwa 4000, kwa hiyo A4 ilikuwa inaenea vizuri tu ila mimi nilipeleka kivuli chake. Siku hizi natuma kama dokyumenti, au naenda na waya na flashi diski mkononi, na kama nimekata sehemu ya picha naangalia kwanza imebaki na pikseli ngapi. Mapambo ya programu za urembo, ya kulainisha ngozi, acheni kabisa, yanafuta mtoto.

Nilifikiria pia kuifanya nyeusi na nyeupe. Ila kwa mama picha za hivyo ukutani ni za wazee waliotangulia, nikaona hapana, mtoto abaki na rangi zake. Kuweka picha ishirini ndogo kwenye fremu moja nako nilikukataa, macho ya mama ni ya utu uzima, anataka moja anayoiona akiwa amekaa.

Karatasi chukua isiyong'aa, sebule zetu zina taa na dirisha na ile ya kung'aa inarudisha mwanga wote. Kwa fundi fremu nilisisitiza jambo moja, picha isigusane na kioo. Tanga ni pwani, unyevu haukosekani, picha ikikaa imebanana na kioo inaganda na siku ukiitoa inachunika, niliwahi kuiona picha ya harusi ya shangazi ilivyobanduka uso. Mwambie fundi aweke ile kadibodi nyeupe inayozunguka picha, inaacha nafasi ya hewa na picha inapendeza, na nyuma azibe kwa utepe wa karatasi wenye gundi mende wasiingie. Kabla hajaziba, bandika kikaratasi kwenye ubao wa nyuma, umri wa mtoto, mahali, mwezi na mwaka, andika kwa penseli.

Kusafiri nayo basini, kioo nilikibandika utepe huohuo wa karatasi kwa mkato wa msalaba, nikaifunga kwa kanga mbili, nikaiweka wima magotini safari nzima. Usiilaze chini ya mabegi, kioo kikilala kinapokea uzito wote katikati.

Mama alipoifungua alinyamaza, akaweka kidole juu ya kioo pale kwenye mkono. "Bangili yangu hii." Bangili mimi sikuwa hata nimeiona.

Kaka akapiga msumari juu ya kabati, mbali na dirisha maana jua linafifisha rangi, sisi wote tukasema imekaa vizuri. Mama akaketi mkekani anapokaa siku zote kuchambua mchele, akaangalia juu, akasema teremsheni, mimi siko huko. Tukaiteremsha mpaka usawa wa macho yake akiwa chini. Tundu la kwanza bado liko pale juu ya kabati, hakuna aliyeliziba.