Mwanangu, usiamue Jumapili

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara tatu, mara ya kwanza nikiwa bado nje ya kanisa watu wananisalimia siwasikii. Umeniuliza, "Baba, kila wikiendi nakunywa alafu Jumapili najuta mpaka naogopa kushika simu, hivi nishakuwa mlevi? Niache kabisa au nipunguze tu?" Nimechelewa kujibu makusudi, nilitaka uisome hii Jumatano kichwa kimetulia.

Kwanza hayo majuto, yako ya aina mbili. Kama ulimtukana mtu au hela ya kodi imeishia kwenye kitimoto, hilo ni lako, nenda kaombe msamaha, lipa. Lakini ile hofu isiyo na sababu, moyo unadunda, unaona kama ofisi nzima inakusema, ile kubwa yake ni pombe inatoka mwilini. Pombe inaupoza ubongo, ubongo nao unajikaza ili usipoe kabisa, sasa pombe ikiisha ule mkazo unabaki peke yake, ndo unashtuka saa kumi alfajiri macho makavu. Na haiishi haraka hivyo, bia moja ya nusu lita ini linahangaika nayo kama masaa mawili, ukianza saa moja jioni ukapiga nane, hesabu mwenyewe, inafika saa tano asubuhi ndo inamalizikia. Yani ile pikipiki unayopanda saa mbili kwenda ibadani unaendesha pombe ikiwa bado mwilini. Supu na maji baridi haviharakishi kitu, vinakuamsha tu.

Sasa nikwambie langu ambalo sidhani kama unalikumbuka. 2003, uko darasa la pili, nimetoka kwenye mbege nimeanguka kitandani na viatu. Asubuhi naamka mguu mmoja una kiatu mwingine hauna, na kile kilichovuliwa kimewekwa pembeni ya kitanda, soksi imekunjwa ndani yake. Mama yako akanambia ni wewe, cha pili kamba ilikaza vidole vyako vikashindwa. Nililia mwanangu, nikaapa, na ilivyofika saa sita mchana aibu ikanizidi nikaenda kuzimua. Ningependa kusema niliacha siku ile. Niliacha 2017, miaka kumi na nne baadaye! Kwa hiyo mtu akinambia majuto ndo yanaachisha pombe namwangalia tu.

Kwaresima zote nilikuwa nafunga pombe, siku arobaini safi kabisa, Pasaka nalipa deni lote na riba. Viroba, zile pombe kali za vifuko, vilivyopigwa marufuku Machi 2017 nikasema sasa nimepona, hata wiki mbili hazikufika nishahamia kwenye chupa. Kilichonishtua kilikuja siku ya kawaida tu, sijalewa wala sina hangova, nimekaa dukani na daftari najumlisha nilichochukua kwenye droo mwezi ule. Nikajumlisha tena nikidhani nimekosea. Wewe huna daftari ila una simu, kaa leo uangalie miamala ya Jumamosi nne zilizopita, kiasi na saa uliyotuma. Ile ya saa saba usiku usiiruke.

Kuhusu kupunguza, jaribu, sikukatazi. Jiwekee bia mbili kila wikiendi, wikiendi nne mfululizo, mbili kweli, sio mbili na za ofa. Ukiona unaziweza bila kuhangaika, sawa, utajua mwenyewe cha kufanya. Ukiona kila mara bia ya tatu inakuja na sababu yake, basi kupunguza sio saizi yako. Mimi mbili sikuwahi kuziweza, sifuri niliiweza, ajabu lakini ndo ilivyo.

Ila kama kuna kitu hujanambia, kama na katikati ya wiki unakunywa, au asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate kidogo, usikate ghafla peke yako. Jirani yetu wa kule juu alikata hivyo akaanguka kifafa siku ya tatu, kumbe inatokea na inaua. Hapo ni hospitali kwanza, mwambie daktari ukweli wa kiasi, usipunguze chupa. Na kuna vile vikundi vya AA, vya watu wanaosaidiana kuacha pombe, vilianzishwa na walevi wawili Marekani 1935, mmoja wao daktari, unakaa unasikiliza, hakuna anayekulazimisha kuongea.

Marafiki watakusumbua wiki za kwanza. Kula ushibe kabla hujatoka, shika soda yako mkononi muda wote, maana mkono mtupu ndo unaojazwa. Na huku nyumbani ukija Desemba wakikupa kata kwenye shughuli, pokea, gusa mdomo, mpe wa pembeni. Wazee hawana neno, mimi nafanya hivyo kila mwaka na babu yako mdogo anafurahi kwa sababu huyo wa pembeni ni yeye.

Ukishaangalia hiyo miamala nipigie, hata leo usiku, nafunga duka saa mbili.

Baba yako