Mafuta ya pawa steringi: yabadilishwe lini?

Ukianza kazi ya gereji utaulizwa swali hili mapema: mafuta ya steringi, yale yanayofanya usukani uwe mwepesi, nayo hubadilishwa, au yanakaa hadi gari life? Vitabu vya magari mengi havitaji kilomita zozote, ndiyo maana wengi huyasahau kabisa. Mimi nasema yabadilishwe. Pampu inayasukuma kwa presha kubwa, yanapata moto, yanazeeka, na njiani yanaokota chembe za mpira na chuma. Kila kilomita 80,000 hadi 100,000 ni kipimo kizuri, ila kitabu cha gari kikitaja chake, fuata kitabu.

Hakikisha kwanza kwamba gari lina mafuta hayo. Magari mengi ya siku hizi yana steringi ya umeme, hayana pampu wala kikopo cha kuwekea mafuta hayo.

Kilomita zinakukumbusha tu, hali ya mafuta ndiyo inayoamua. Chovya karatasi nyeupe kwenye kikopo uitazame juani. Yale mekundu yakiwa mazima hung'aa. Yakigeuka kahawia iliyokolea, au meusi yanayonuka kuungua, yamwage hata kama kilomita hazijafika. Kisha sugua tone moja kati ya vidole. Ukiona vimeta vya chuma, pampu inalika, na mafuta mapya hayataiponya. Mwambie mwenye gari hapo hapo, kabla hajalipia kazi ambayo haitamsaidia.

Mafuta haya hayaungui kama petroli. Yakipungua, yamevuja. Kagua mipira ya presha, yaani mabomba ya mafuta, na maungio yake, halafu ingia chini ubonyeze zile buti za mpira kwenye ncha za raki, chombo kinachogeuza magurudumu ukizungusha usukani. Buti ikibonyea ukasikia mafuta yanacheza ndani, sili ya raki, mpira unaozuia mafuta yasitoke, imekufa. Mvujo wa hapo hauonekani sakafuni upesi, kwa hiyo fundi anayeongeza mafuta tu anaweza kuendelea kuongeza miezi mizima.

Kosa linaloniuma zaidi ni kumimina chochote kilichopo. Toyota nyingi za zamani zinatumia mafuta ya gia za otomatiki, aina ya Dexron. Honda ina mafuta yake maalumu. Magari mengi ya Ujerumani yanataka yale ya kijani, na hayo usiyachanganye na mekundu. Soma maandishi kwenye kifuniko au kitabu, usiende kwa rangi peke yake. Mafuta ya breki hayaingii humo kamwe, hata njiani usiku: yanaharibu sili za pampu na za raki, na mafuta ya elfu chache yanageuka kazi ya kununua raki nzima.

Kubadilisha kwenyewe si kazi ngumu. Njia nyepesi ni kunyonya ya kwenye kikopo kwa bomba la sindano, kujaza mapya, kuwasha injini na kuzungusha usukani mara kadhaa, kisha kurudia mpaka yatoke masafi. Ukitaka kuyaondoa karibu yote, inua magurudumu ya mbele kwa jeki na uweke stendi, chomoa mpira wa kurudishia, ziba tundu lake kwenye kikopo, elekeza mpira kwenye chupa. Injini ikiwa imezimwa, mwenzako azungushe usukani taratibu kulia na kushoto huku wewe ukiongeza mapya. Kikopo kisikauke hata mara moja, maana pampu itavuta hewa.

Usukani ukifika mwisho usiushikilie pale injini inapowaka. Presha hupanda na mafuta hupata moto haraka.

Ukimaliza, pima kwa alama inayolingana na hali ya mafuta, ya baridi au ya moto. Gari likirudi kesho yake linalia kwenye kona na kikopo kina mapovu, toa hewa na ukaze vibano vya mpira wa kunyonyea kabla hujaanza kuzungumzia pampu.