Nyumba yangu ilipoliwa, baraza zima likaona

Mhariri, salaam aleikum. Wiki hii mmetuuliza kama kucheza gemu kunajenga akili au ni kupoteza wakati tu. Mimi ni dereva wa tuktuk hapa Mombasa na swali hili limenigusa hasa, manake nimelelewa kwenye baraza la bao na sasa nalea kijana wa miaka 15 asiyeachana na simu.

Bao nlifunzwa na babu yangu mzaa mama, Kibokoni. Kwa asojua, ubao una mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, kete ni 64, kila mtu na zake 32, na kwenye safu yako ya mbele kuna shimo moja linaitwa nyumba, hapo ndipo akiba yako inapokaa. Mkianza hamzitii zote, 22 mnabaki nazo mkononi mnanamua, yaani mnazitia ubaoni moja moja, na kete moja tu inaweza kula za mwenzako ikazunguka ikala tena ikazunguka tena, kwa hivyo lazima uone safari itaishia wapi kabla hujaondoka. Babu hakuwa akihesabu. Alikuwa akilitazama shimo tu ashajua mna kete ngapi, na mimi nikinyoosha kidole nihesabu ananipiga mkono, "mkono usitangulie mato."

Siku moja baada ya alasiri, nlikuwa na miaka kama 13, nikaliwa nyumba mbele ya baraza zima. Wazee wakapiga makelele, nami machozi yananilengalenga nikasimama nijiendee zangu. Babu akanishika shati. "Kaa." Akaanza kuzirudisha kete moja moja mahali pake, hana karatasi hana nini, zamu nne nyuma, mpaka ubao ukawa vile ulivyokuwa mwanzo wa balaa. Akaniuliza, nyumba imeliwa lini? Nikamwambia si sasa hivi. Akasema la, nyumba ililiwa ulipotia kete ile pale kichwani, shimo la mwisho la safu ya mbele, hii ya sasa ni kuchukuliwa tu. Kila mzee akatoa lake, huyu asema ungetakata, yaani ungecheza bila kula, yule asema ungetia upande wa pili, nikakaa pale mpaka adhana ya magharibi nasikiliza nlivyoshindwa.

Hiyo ndiyo faida ninayoijua mimi. Ukishindwa, watu wanaona, na huondoki mpaka ujue umeshindwa wapi.

Sisemi ati bao lilinifanya mwerevu wa kila kitu. Hesabu zangu shuleni zilibaki vilevile. Kuna Wamarekani wawili, William Chase na Herbert Simon, mwaka 1973 walitoa utafiti wao wa sataranji, hiyo chesi. Bingwa akionyeshwa ubao wa mchezo wa kweli kwa sekunde 5 tu aliweza kurudisha vipande vingi mahali pake, lakini vipande vikipangwa ovyo ovyo ubingwa wote ukapotea, akawa sawa na mtu anayejifunza. Kwa hivyo akili ya ubaoni kwa sehemu kubwa hubaki ubaoni, na wazazi wanaonunua gemu wakidhani mtoto ataongoza darasa naona wanajidanganya.

Sasa huyu kijana wangu. Nlimpokonya simu, naye akaja na hoja, na hoja yenyewe ilikuwa nzuri. Akanionyesha utafiti wa Green na Bavelier uliotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2003, kwamba watu wasiozoea gemu walichezeshwa gemu ya vita na macho yao yakawa mepesi zaidi kugawa umakini kuliko wenzao waliochezeshwa Tetris, ile gemu ya kupanga vipande vinavyoshuka. Nikamwambia haya, tusome mpaka chini. Ilikuwa saa 1 kwa siku, siku 10. Wewe wacheza mpaka saa nane za usiku, na yako si ya vita, ni ya mpira. Akanyamaza, ila nami nikabaki nafikiri.

Nikamfuata kwenye kibanda cha PlayStation Majengo, nia yangu nikamtoe kwa fujo. Nikasimama mlangoni. Mmoja kafungwa bao, na kabla hajaacha pedi wenzake watano wako juu yake, "ulimtoa beki wa nini?", mwengine asema shida ilianza kule kwenye kona, wanabishana vile vile walivyokuwa wakibishana wazee wa Kibokoni, na yule aliyefungwa kakaa, asikiliza. Wallahi nlirudi kwenye tuktuk bila kusema neno.

Nyumbani peke yake hali ni nyengine kabisa. Anafungwa, anabonyeza, inaanza upya, anafungwa, anabonyeza. Hakuna wa kumshika shati. Hapo ndipo wakati unapopotea, na kwa wengine inageuka maradhi kweli, Shirika la Afya Duniani limeshaliweka kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Na hii kamari ya simu inayowamaliza vijana wa stendi yetu msiihesabu kabisa kwenye hili swali, mhariri. Ukiliwa pale hakuna zamu ya kurudi kuitazama, kwa sababu hapakuwa na ulichokosea isipokuwa kuweka pesa yako.

Simu nlimrudishia kwa sharti moja. Akifungwa, kabla ya kuanza nyengine, anieleze. Wiki ya kwanza alikuwa akinijibu "sijui baba, bahati mbaya" na mimi namwambia basi hakuna nyengine. Juzi nimerudi kazini namkuta mezani, simu kaifudikiza, kapanga vizibo vya soda, huyu beki, huyu kipa, huyu yule mshambuliaji wa wenzake. Kabla sijavua viatu ashaniita, "Baba njoo, bao lilifungwa mapema, lilifungwa hapa," na kidole chake kiko katikati ya uwanja, mbali kabisa na goli.