Usilipake Jiko Rangi Kabla Hujalikagua

Huku Kapchorwa mvua za Aprili zikishaanza, jua la mchana halina maana tena. Jioni ukungu unashuka kutoka Mlima Elgon na kila mtu anatafuta pa kuotea moto. Nina nyumba ndogo ya wageni, vyumba vinne tu, na sebuleni kuna jiko la kuni la chuma, bomba lake limepenya dari na mabati. Miaka yote, ikifika Machi, nililifuta vumbi na kulipaka rangi ya fedha kuanzia miguu hadi darini, basi. Linang'aa, wageni wanalipiga picha, nami najiona mtunzaji hodari.

Mwaka juzi mama mkwe alikuja kukaa nasi. Usiku wa kwanza wa baridi tukawasha, tukafunga madirisha. Moshi ulikuwa kidogo, wa kumfanya mtu apikiche macho tu. Baada ya muda akasema kichwa kinamgonga na anasikia kichefuchefu. Nikadhani ni uchovu wa safari, barabara ya kupanda kutoka Mbale ina kona nyingi. Kisha mtoto naye akashika kichwa, na mtoto hakuwa amesafiri popote. Tulifungua milango, tukatoka nje na mablanketi. Ile hewa inayoitwa kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na watu kadhaa wa chumba kimoja wakiumwa kichwa kwa pamoja, msibishane: tokeni.

Asubuhi fundi alipofika hakuhangaika na mbele. Alipitisha mkono nyuma, kati ya bomba na ukuta, akabonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikazama. "Mama," akaniambia, "hapa hakuna bomba, kuna rangi." Akapanda juu ya paa, akakuta nyigu wamejenga chini ya kofia ya bomba. Moshi ulikosa njia ya juu, ukajitafutia ya nyuma.

Tangu hapo naanza Februari, kiangazi, jiko likiwa baridi na fundi hajaandamwa na wateja. Kwanza natoa majivu yote. Majivu yakiachwa humo yanavuta unyevu, na unyevu huo unakula chuma. Matofali ya ndani yakiwa na ufa mwembamba nayaacha, yakimeguka nabadilisha.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha usiku. Zima taa zote, weka tochi kali ndani ya jiko, funga mlango, kisha zunguka polepole, uiname na nyuma pia. Panapotoka mwanga, hewa inapita. Mara ya kwanza niliona uzi wa mwanga kwenye kiungo cha nyuma, mwembamba kama unywele, mahali nilipopapaka rangi mara tatu. Kiungo kama hicho huzibwa kwa saruji ya kustahimili moto. Lakini ufa kwenye chuma cha kumimina usimpe mchomeleaji yeyote tu: akiuchoma bila kulipasha moto lile pande kwanza, chuma kikipoa kinapasuka tena pembeni ya alipochomea.

Mlangoni, bana ukanda wa gazeti, funga, uvute. Ukitoka bila kukataa, ile kamba ya kuziba mlango imechoka, au komeo limelegea.

Bomba nalo ligonge kwa mpini wa bisibisi toka chini hadi juu. Chuma kizima kinalia. Kilicholika kinajibu kwa sauti bubu. Angalia na viungo: ncha ya kipande cha juu iingie ndani ya cha chini, ili utomvu wa moshi urudi ndani ya jiko badala ya kuchuruzika nje. Kisha chungulia ndani. Masizi makavu ya unga yanapigwa brashi tu. Yakiwa yanang'aa kama lami iliyoganda, usiwashe kabisa mpaka yaondolewe, kwa sababu hayo yanashika moto humohumo bombani. Kwangu yalitokana na kuni za mkaratusi mbichi na tabia ya kubana hewa usiku ili moto ulale hadi asubuhi. Siku hizi nagonganisha vipande viwili kabla ya kununua. Vikilia kwa sauti kavu, nalipa.

Mwisho panda darini. Sikuwahi kufika huko hadi mwaka huo, nikakuta ubao mmoja karibu na bomba umegeuka mweusi kama mkaa upande mmoja. Tuliukata, tukaacha nafasi pana na kuizungushia bati.

Rangi bado naipaka, ila mwishoni. Na mama mkwe akija, hata chai hajanywa, anaomba tochi.